Mkwawa na Ufa wa Majirani

Wasomaji wa visiwani hawalisahau jina la Pangani. Huko, Agosti 1888, Emil von Zelewski, mtumishi wa kampuni ya Kijerumani, aliipuuza mamlaka ya Sultani wa Unguja. Wenye mashamba, wapagazi na watu wa mji wakashika silaha pamoja chini ya Abushiri bin Salim, na Wazigua wa Bwana Heri nao wakapigana. Zelewski alinusurika, lakini mauti yalimngoja nyanda za juu: aliuawa Lugalo, karibu na Iringa, tarehe 17 Agosti 1891, na jeshi la Mtwa Mkwawa.

Mkwawa alizaliwa yapata 1855. Baba yake, Munyigumba, alizikusanya himaya ndogo ndogo za Uhehe zikawa dola moja. Alipofariki mwaka 1879 ulizuka ugomvi wa urithi. Mkwawa akaushinda, akaipanua dola na kujenga ngome ya mawe Kalenga.

Lakini umoja ule ulienezwa kwa mkuki. Wangoni walikuwa wamekwisha kupigana na Wahehe tangu 1878. Wasangu walifukuzwa kwao Utengule, wakakimbilia Usafwa, upande wa Mbeya. Basi siku Mkwawa alipohitaji wenzi dhidi ya Wajerumani, majirani walikumbuka makovu yao. Merere wa Usangu alishirikiana na mgeni kwa tamaa ya kurudishiwa nchi yake. Kalenga ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894.

Kwa karibu miaka minne zaidi Mkwawa alipigana porini, akilishwa na kufichwa na raia wake wa kawaida. Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, alijiua kwa risasi kuliko kukamatwa. Fuvu lake lilirudishwa Kalenga mwaka 1954.

Ushujaa wake haupingiki. Hata hivyo, si haki kumlaumu Merere peke yake. Pwani, watu wa tabaka mbalimbali waliunganishwa na dhuluma iliyowagusa wote. Nyanda za juu, dhuluma ya jirani ilitangulia ile ya mgeni. Viongozi wetu walizingatie hilo: mnyonge aliyenyimwa haki yake wakati wa amani haitikii wito siku ya hatari. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkwawa aliujenga ukuta, tena wa mawe; ufa uliachwa wazi, na adui akapita humo.