Italia: Enzo Ferrari, mtu aliyeona gari kuukuu kuwa chuma chakavu

Enzo Ferrari alifariki tarehe 14 Agosti 1988 mjini Modena, nchini Italia, akiwa na umri wa miaka 90. Miaka 30 baadaye, moja kati ya magari ya kiwanda chake, 250 GTO la mwaka wa 1962, liliuzwa mnadani California kwa zaidi ya dola milioni 48. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kutunza magari ya zamani.

Alizaliwa Modena mwaka wa 1898, ambako baba yake alikuwa na karakana ya vyuma. Mwaka wa 1916 alifiwa na baba na kaka yake. Jeshini, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alipewa kazi ya kuwapigilia nyumbu viatu vya chuma. Vita vilipoisha aliomba kazi katika kampuni ya Fiat, mjini Torino, akakataliwa.

Akawa dereva wa mashindano, na mwaka wa 1929 akaanzisha timu yake, Scuderia Ferrari, iliyotumia magari ya Alfa Romeo. Gari la kwanza lenye jina lake, 125 S, lilitoka Maranello mwaka wa 1947.

Ferrari aliwauzia matajiri magari ili apate pesa za mashindano. Msimu ukiisha, gari la mashindano liliuzwa, au lilivunjwa ili vipuri vyake vitumike tena. Ndivyo yalivyoisha magari ya 156, yaliyompa Mmarekani Phil Hill ubingwa wa dunia mwaka wa 1961. Yote yaliharibiwa, halikubaki hata moja.

Miaka hiyo ilikuwa migumu kwake. Mwaka wa 1956, mwanawe Dino alikufa kwa ugonjwa wa misuli akiwa na miaka 24. Mwaka uliofuata, gari lake moja liliacha njia katika mbio za Mille Miglia. Dereva, msaidizi wake na watazamaji 9 walikufa, wakiwemo watoto 5. Ferrari alishtakiwa, na mwaka wa 1961 mahakama ikamwondolea lawama.

Mwaka wa 1962 kiwanda kilitoa 250 GTO. Hadi 1964 yalitengenezwa 36 tu. Marekani, jipya liliuzwa kwa takriban dola 18,000. Lakini magari yenye injini nyuma ya dereva yalikuwa yamekwisha kuingia mashindanoni, na GTO likaonekana la kizamani. Bei ikaanguka. Huko Texas, moja lilipewa shule ya sekondari, na mwaka wa 1972 likauzwa kwa dola 6,500.

Mwaka wa 1969, Ferrari aliuza nusu ya kampuni yake kwa Fiat, ile ile iliyomkataa ujanani. Alibaki na usimamizi wa mashindano hadi kifo chake.

Alipofariki, matajiri walikimbilia magari yake na bei zikapanda kwa kasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 soko likaporomoka, na walionunua kwa bei ya juu wakitarajia faida wakapata hasara. Baadaye bei zikapanda tena. Mwaka wa 2023, GTO jingine liliuzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 51.

Si kila Ferrari kuukuu huwa na bei kama hiyo. GTO ni machache, yalishinda mashindano makubwa, na bado yanaendeshwa barabarani. Magari mengi hushuka thamani mara tu yanapotoka dukani, na mengi hayapandi tena.

Magari ya 156 yangeweza kuwa na bei ya juu vilevile. Leo, tajiri anayelitaka anaweza kupata nakala tu, kwa sababu Ferrari aliyavunja yote kabla ya mtu yeyote kujua yangekuwa na thamani gani.