Ami Cohen, daktari wa mioyo ya watoto aliyefia Kilimanjaro

Wanaovuka mpaka wa Holili kwenda Taveta wanaujua Mlima Kilimanjaro kama jirani. Huko juu, Agosti 2001, alifariki daktari wa upasuaji wa moyo aliyeitwa Ami Cohen, akiwa na miaka 47. Alikuwa akiupanda mlima, na hali ya kimo kile ikamshinda.

Jina lake kamili ni Amram Cohen. Alizaliwa Washington, Marekani, mwaka 1954, akawa daktari wa jeshi. Alipotumwa Korea Kusini miaka ya 1980, alishiriki mpango wa kuwatibu watoto wa maskini wenye maradhi ya moyo. Mwaka 1992 alihamia Israel na familia yake, akaajiriwa hospitali ya Wolfson iliyoko mji wa Holon.

Baadaye daktari mmoja wa Ethiopia akamwomba msaada. Kwao walikuwapo watoto waliohitaji upasuaji wa moyo na hapakuwa na wa kuufanya. Cohen alikubali, na mwaka 1995, pamoja na wenzake, akaanzisha shirika la hisani la Save a Child's Heart, yaani Okoa Moyo wa Mtoto.

Mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo anajua dalili zake. Mtoto huchoka akinyonya, haongezeki uzito, na wengine midomo hugeuka bluu. Mara nyingi ni tundu alilozaliwa nalo kati ya vyumba vya moyo, au mshipa uliobana. Tundu likizibwa mapema, aghalabu kazi imekwisha: mtoto anakua, anasoma, anacheza mpira kama wenzake. Likiachwa, wengi hawafiki utu uzima. Hapa ndipo uchungu ulipo, kwamba ugonjwa unatibika ila bei yake haifikiki.

Nanyi wafanyabiashara mnaijua bei. Upasuaji mmoja unataka mashine ya kusukuma damu wakati moyo umesimamishwa, siku kadhaa katika chumba cha wagonjwa mahututi, dawa, vipimo na nauli ya ndege. Shirika lilikadiria kama dola 10,000 kwa mtoto mmoja, na kiasi hicho ni kidogo kwa kazi hiyo kwa sababu madaktari walijitolea muda wao. Kilichobaki kililipwa na wachangiaji. Nani kati yetu angetoa fedha hiyo mfukoni kwa mkupuo bila kuuza mtaji wote?

Watoto walisafiri kwa makundi, mara nyingi wakiongozana na muuguzi badala ya wazazi, wakakaa wiki nyingi katika nyumba ya watoto karibu na hospitali. Walitoka Ethiopia, Zanzibar na kwingineko. Wapalestina kutoka Gaza na Ukingo wa Magharibi nao walikuwa wengi, wakipimwa katika kliniki ya bure ya kila wiki. Pande mbili zilizokuwa vitani zilikutana kwenye benchi moja la kusubiri daktari.

Kwa maoni yangu, lililo kubwa zaidi ni kwamba Cohen hakuridhika kuwasafirisha watoto tu. Ndege haiwezi kubeba kila mgonjwa. Alisafiri na wenzake hadi Ethiopia na China kufanya upasuaji huko huko wakiwafundisha wenyeji, na madaktari wa nchi maskini wakapokewa Holon kujifunza.

Alipokufa, wenzake hawakufunga mlango. Hadi leo wametibu zaidi ya watoto 5,000 kutoka nchi zaidi ya 60. Miongoni mwa waliosomeshwa Holon ni daktari wa Kitanzania aliyekaa huko miaka kadhaa, kisha akarudi Mwanza, hospitali ya Bugando, kuwapasua watoto wa Kanda ya Ziwa. Dar es Salaam nako, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete inapasua watoto, na hupokea wagonjwa kutoka nchi jirani pia. Mzazi wa upande wa pili wa mpaka sasa anaweza kufika kwa basi.