Mkono wa nani katika farasi wa Rosa Bonheur?

Mwanafunzi akikutwa akinakili kazi ya mwenzake hukemewa, na ni haki akemewe. Katika uchoraji, hata hivyo, kunakili kumekuwa shule kwa karne nyingi. Maisha ya Rosa Bonheur, bingwa wa kuchora mifugo nchini Ufaransa katika karne ya 19, yanadhihirisha manufaa ya shule hiyo na pia utata wake.

Bibi huyu alizaliwa mjini Bordeaux tarehe 16 Machi, 1822. Babake, Raymond, alikuwa mchoraji na mwalimu wa kuchora, mtu wa fikra nyingi na fedha chache. Mamake, Sophie, alifundisha piano. Kusoma kulipomshinda Rosa, mamake alibuni mbinu ambayo hata walimu wetu wa chekechea wangeihusudu: kila herufi ilichorewa mnyama ambaye jina lake huanza na herufi hiyo. Mama huyo alifariki mwaka 1833, wakati ambapo familia ilikuwa imekwisha kuhamia Paris. Shule hazikumweza msichana huyo, na ushonaji aliopelekwa kujifunza haukumkaa. Hatimaye babake aliamua kumfundisha mwenyewe.

Hapo ndipo kunakili kulipoanza. Akiwa bado kijana, Rosa alishinda katika jumba la makumbusho la Louvre akizirudia kwa mkono picha za wachoraji wakongwe, mstari kwa mstari na rangi kwa rangi. Miongoni mwa walimu wake hao wasiosema alikuwemo Paulus Potter, Mholanzi aliyefariki mwaka 1654 akiwa na umri wa miaka 28 tu, na ambaye picha yake ya fahali ya mwaka 1647, iliyoko The Hague, inakaribia ukubwa wa fahali aliye hai. Nakala za Rosa ziliuzwa, na mapato yake yakaisaidia familia. Hapakuwa na hila yoyote, kwa maana mnunuzi alijua kwamba anachukua nakala.

Hata hivyo, nakala haimwonyeshi mchoraji kilichomo chini ya ngozi. Kwa sababu hiyo Rosa alizuru machinjio ya Paris, akaichunguza misuli na mifupa ya wanyama katikati ya damu na maneno makali ya wachinjaji. Alianza kuonyesha kazi zake katika maonyesho makuu ya Paris mwaka 1841, na mwaka 1848 akatunukiwa nishani ya dhahabu. Picha yake ya maksai wakilima katika jimbo la Nivernais, aliyoikamilisha mwaka 1849 kwa agizo la serikali, ingali inavuta macho ya watu. Ng'ombe wale wana uzito, na udongo unaopinduliwa na plau unakaribia kunukia.

Kilichompa umaarufu wa kimataifa ni picha ya soko la farasi. Kwa takriban mwaka mmoja na nusu alikuwa akienda sokoni mara mbili kwa juma, amevaa suruali ili asisumbuliwe na wanaume. Katika Paris ya siku hizo mwanamke hakuruhusiwa kuvaa mavazi ya kiume bila kibali cha polisi. Kibali chake cha mwaka 1857 kimehifadhiwa hadi leo. Kilidumu miezi sita kabla ya kuombwa upya. Turubai yenyewe, iliyoonyeshwa mwaka 1853, ina upana wa zaidi ya mita tano. Mji wake wa kuzaliwa ulipewa nafasi ya kuinunua, usiinunue. Aliyeinunua ni Ernest Gambart, mfanyabiashara wa picha wa London, kwa faranga 40,000.

Gambart alitaka picha hiyo itembezwe mbele ya umma, na wakati uo huo ipigwe chapa ili nakala za karatasi ziuzwe kwa wingi. Mchongaji wa chapa, Thomas Landseer, alihitaji kielelezo kidogo cha kufanyia kazi. Basi ikachorwa kwa mkono nakala yenye nusu ya upana na nusu ya kimo cha picha asilia. Aliyeianza ni Nathalie Micas, rafiki wa Rosa tangu ujanani, ambaye pia alikuwa mchoraji. Rosa aliipitia, akaimaliza na kutia sahihi yake ya mwaka 1855.

Mwenye nakala hiyo, Jacob Bell, alipofariki mwaka 1859 aliirithisha National Gallery ya London. Habari hiyo ilimsumbua Rosa. Kielelezo kilichokusudiwa kumfaa mchongaji sasa kingesimama mbele ya taifa zima kama kazi ya mkono wake. Alichora nakala nyingine aliyoiona bora, akaomba zibadilishwe, lakini ombi lake halikufaulu. Picha asilia ilivuka bahari. Mwaka 1887 Cornelius Vanderbilt aliinunua na kuitoa kwa jumba la Metropolitan mjini New York.

Binafsi nauheshimu wasiwasi wa Rosa, ingawa nadhani haukufika mbali vya kutosha. Lililokosekana katika nakala ya London si ubora, bali jina la pili. Siku hizi karakana za Dafen, nchini China, huchora kwa mkono nakala nyingi za kazi mashuhuri, na mara nyingi mchoraji wake hajulikani kwa mnunuzi. Sioni aibu katika kazi yao, ila katika kule kutojulikana.

Rosa alihamia By, karibu na msitu wa Fontainebleau, mwaka 1860, akaishi huko na Nathalie pamoja na wanyama wengi, wakiwemo simba. Mwaka 1865 Malkia Eugénie alimletea nishani ya Legion of Honour, ambayo hakuna msanii wa kike aliyekuwa amewahi kuipata. Nathalie alifariki mwaka 1889. Rosa alimfuata tarehe 25 Mei, 1899, akazikwa kando yake katika kaburi la jamaa ya Micas kwenye makaburi ya Père Lachaise.