Pasteur alipambana na kirusi asichoweza kukiona

Na Mwandishi Wetu, Kahama

KILA ifikapo Septemba 28 huadhimishwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe aliyofariki mwanasayansi wa Ufaransa, Louis Pasteur, mwaka 1895. Wengi humkumbuka kwa chanjo yake. Taabu aliyoipata kuutambua ugonjwa wenyewe haisimuliwi sana, ingawa inaweza kumkuta hata mfuga paka wa Buzwagi.

Jina la ugonjwa huu linapotosha kidogo, kwani paka naye huugua na kumwambukiza binadamu kwa kumuuma. Aghalabu hujificha uvunguni, hukataa chakula, kisha humrukia ghafla anayemkaribia. Mwenye nyumba anaweza kudhani kuwa amekula sumu ya panya. Akiwa hai hakuna kipimo cha kutegemewa. Ni mpaka afe na ubongo wake upelekwe maabara.

Pasteur alizaliwa Desemba 27, 1822 mjini Dole, baba yake akiwa mtengeneza ngozi. Alisomea kemia, hakuwa tabibu wala daktari wa mifugo. Kiharusi cha mwaka 1868 kilimpooza upande wa kushoto, lakini hakuacha kazi, na mwaka 1881 alionyesha hadharani chanjo ya kimeta kwa kondoo.

Desemba 1880 alichukua mate ya mtoto aliyefariki kwa kichaa cha mbwa, akawadunga sungura, nao wakafa upesi. Katika damu yao aliona vijidudu, ikaelekea kwamba chanzo kimepatikana. Baadaye vijidudu vile vile vilionekana katika mate ya watu wenye afya njema. Kirusi chenyewe kilikuwa kidogo mno kwa hadubini za wakati ule.

Ndipo yeye na msaidizi wake, Émile Roux, walipougeukia ubongo. Walichukua sehemu ya ubongo wa mnyama aliyekufa, wakaipandikiza katika ubongo wa sungura na kungoja augue. Kilikuwa kipimo cha uhakika, ila kilihitaji siku nyingi, na aliyeumwa hana siku za kupoteza.

Julai 6, 1885 aliletewa Joseph Meister wa Alsace, mtoto wa miaka tisa. Mbwa aliyemuuma alikuwa ameuawa na kupasuliwa, na tumboni mwake zikakutwa nyasi kavu na vipande vya miti. Huo ndio uliokuwa ushahidi wa kichaa, nao ulikuwa dhaifu. Wakosoaji hawakuacha kuutaja. Hata hivyo sindano zilianza siku hiyo hiyo, zikafika 13, na mtoto akapona. Hata leo aliyeumwa na paka anayeshukiwa huosha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha huwahi kituo cha afya kuanza chanjo bila kungoja majibu ya maabara.

Pasteur alifariki akiwa na umri wa miaka 72 bila kukiona kirusi hicho. Mwaka 1903 Mtaliano Adelchi Negri aligundua alama zinazoachwa na ugonjwa huo katika chembe za ubongo, ingawa si kila mnyama aliyekufa kwa kichaa hukutwa nazo.