MTAKATIFU ALIYELIWA MPAKA SHATI KWENYE KAMARI

Leo stori ni ya wale wazee wa karata na mikeka, ila hata wewe usiyecheza usiondoke. Kuna jamaa anaitwa Camillus de Lellis, Wakatoliki wa huku kwetu wengine wanamwita Mtakatifu Kamili. Huyu bwana alikuwa mcheza kamari hasa, sio wa kujaribu.

Kazaliwa tarehe 25 Mei 1550 huko Bucchianico, Italia. Mama yake alishakuwa mtu mzima sana alipompata. Baba alikuwa mwanajeshi wa kupigana popote penye mshahara, na yeye karata alikuwa hazimpiti. Mama akafariki mtoto akiwa bado mdogo, basi dogo akakua bila wa kumshika. Na kukua kweli, maana inasemekana alifika karibu mita 2!

Baba na mwana wakaenda kujiunga na jeshi la Venezia likapigane na Waturuki. Baba akafia njiani. Camillus naye akatokwa na kidonda mguuni, na hicho kidonda wadau mkikumbuke, kwa sababu hakikupona mpaka anaingia kaburini. Donda ndugu.

Mwaka 1571 akaenda Roma, hospitali ya San Giacomo, ambako walipelekwa wale walioonekana hawatibiki. Akawa mgonjwa na huku anafanya kazi ya utumishi. Hakudumu, wakamtimua kwa ugomvi na karata. Akarudi jeshini, na mwaka 1574 akiwa Napoli akacheza mpaka akamaliza kila kitu: pesa, silaha, mwisho shati la mwilini. Jitu la mita 2 linatembea mjini kifua wazi! Ikabidi aombeombe kwenye mlango wa kanisa mji wa Manfredonia, mpaka akapata kibarua cha ujenzi kwa mapadre Wakapuchini.

Huko mtawa mmoja akaongea naye maneno yakamwingia. Kesho yake, tarehe 2 Februari 1575, akiwa njiani peke yake, akapiga magoti akalia kama mtoto. Akaomba awe mtawa. Wakampokea, kidonda kikafumuka, wakamtoa. Akarudi San Giacomo kutibiwa, akaenda tena kwa Wakapuchini, kidonda tena, wakamtoa moja kwa moja. Mimi ningekata tamaa.

Ila San Giacomo safari hii hakuwa yule wa kufukuzwa, akapanda mpaka kuwa msimamizi wa hospitali nzima. Sasa fikiria, huyu ameshalala vitanda vile mwenyewe. Anajua ukiomba maji usiku halafu mtumishi akakupita inakuwaje. Watumishi wengi walikuwa wanafuata mshahara tu, wagonjwa wanaachwa na uchafu wao, wengine wanakufa hakuna hata wa kuwashika mkono. Mwaka 1582 akapata wazo la kukusanya watu wasiotaka mshahara, wamhudumie mgonjwa kama mama anavyomuuguza mtoto wake wa pekee.

Hata padre wake wa maungamo, Filippo Neri (naye leo ni mtakatifu), alimpinga asiondoke San Giacomo. Camillus akashika lake. Akaenda shule, ana miaka zaidi ya 30, akakaa darasani na watoto kujifunza Kilatini. Mwaka 1584 akapata upadre.

Papa Sixtus V akakubali kundi lake mwaka 1586 na kuwaruhusu kuvaa msalaba mwekundu kifuani. (Wadau msichanganye na Msalaba Mwekundu wa Geneva, ule ulianza 1863 na ni kitu kingine.) Mwaka 1591 likawa shirika kamili. Watawa wengine wana nadhiri tatu, hawa wakaongeza ya nne: kuhudumia wagonjwa hata kama ni kwa kuhatarisha maisha. Haikuwa ya mdomoni. Mwaka 1589 meli zilifika Napoli zikiwa na tauni, wakapanda kuhudumia, na baadhi yao wakafa. Mwaka 1595 wakawafuata wanajeshi vitani huko Hungaria. Desemba 1598 mto Tiber ulifurika, Camillus akakesha anabeba wagonjwa wa hospitali ya Santo Spirito kuwapandisha ghorofani.

Lakini ndani ya shirika hapakuwa shwari. Yeye alitaka wenzake wafanye kila kitu hospitalini, kulisha, kuosha, usiku na mchana. Wengine waliona kazi ya padre ni sala na sakramenti. Madeni nayo yakawabana. Mwaka 1607 akaachia uongozi. Mguu ulipokataa kabisa alikuwa anajikokota kitanda hadi kitanda kuwaangalia wagonjwa. Akafariki Roma tarehe 14 Julai 1614.

Akatangazwa mtakatifu mwaka 1746. Mwaka 1886 akafanywa msimamizi wa wagonjwa na hospitali, na 1930 wa wauguzi.

Watawa wake wapo mpaka huku kwetu. Pale Karungu, Kenya, karibu na Ziwa Victoria, wana hospitali yenye jina lake. Kama kuna mdau amewahi kulazwa pale, atupe stori kwenye maoni.