Kurt Weill: Mtunzi Aliyevuka Mpaka wa Opera

Kwa muda mrefu opera ilihesabiwa barani Ulaya kuwa sanaa ya ngazi ya juu, ilhali tamthilia ya nyimbo ilichukuliwa kuwa burudani tu ya umma. Kurt Weill ni miongoni mwa watunzi waliouvuka mpaka huo, naye alilaumiwa kwa kufanya hivyo.

Weill alizaliwa tarehe 2 Machi 1900 mjini Dessau, Ujerumani, katika familia ya Kiyahudi. Babake alikuwa mwimbishaji wa sala katika sinagogi. Mnamo 1920 alikubaliwa katika darasa la mtunzi mashuhuri Ferruccio Busoni jijini Berlin, ambako alipata msingi thabiti wa muziki wa kikale.

Mwaka wa 1928, yeye na mtunzi wa tamthilia Bertolt Brecht walitoa Die Dreigroschenoper, iliyojengwa juu ya kazi ya Mwingereza John Gay ya mwaka wa 1728. Wahusika wake walikuwa wezi, ombaomba na makahaba. Walioimba walikuwa hasa waigizaji wa kawaida, wakiandamana na bendi ndogo yenye saksafoni na banjo. Hata hivyo, nyuma ya nyimbo hizo zilizoonekana nyepesi mlikuwa na ufundi alioupata kwa Busoni.

Wanazi waliposhika hatamu za uongozi, Weill alitorokea Paris mnamo Machi 1933, kisha akahamia New York mwaka wa 1935. Huko alijitosa katika tamthilia za nyimbo za Broadway. Aidha, kinyume na desturi ya watunzi wengi wa huko, aliiandikia okestra sehemu zake yeye mwenyewe.

Ni hapo alipozuka ubishi. Baadhi ya wahakiki walimwona kama mwacha mila aliyeiuza sanaa yake kwa ajili ya fedha. Dai hili halina mashiko. Street Scene ya 1947, yenye mashairi ya Langston Hughes, ilionyeshwa Broadway ikiwa na muundo wa opera kuhusu wapangaji maskini wa jengo moja. Mnamo 1959 kazi iyo hiyo iliingia katika jukwaa la New York City Opera.

Hali kadhalika, Lost in the Stars ya 1949 iliegemea riwaya ya Alan Paton kuhusu Afrika Kusini. Mhusika mkuu, kasisi Mwafrika anayemtafuta mwanawe Johannesburg, aliigizwa na Todd Duncan, mwimbaji Mmarekani mweusi aliyekuwa amekwisha kuimba katika opera. Hivyo, mwaka mmoja tu baada ya serikali ya ubaguzi kuingia madarakani nchini humo, hadhira ya Broadway ilitazamishwa dhiki za Waafrika.

Weill alifariki tarehe 3 Aprili 1950 kwa maradhi ya moyo, tamthilia hiyo ingali jukwaani. Maisha yake yanadhihirisha kwamba hadhi ya kazi ya sanaa haitokani na jumba inamoonyeshwa, bali na ukweli inaoubeba na ufundi unaoubeba ukweli huo.