Fundi wa Masufuria Aliyekataa Kuuza

Katika mfululizo wetu wa Waefeso sura ya 6 tumeshapita kwenye dirii, ngao na chapeo, na wiki hii niliombwa niandike jinsi mtu wa kawaida anavyozivaa. Yaani mtu mwenye kazi, karo ya watoto na landilodi. Silaha zenyewe mnazijua, kwa hivyo wacha niwasimulie maisha ya mtu mmoja aliyezivaa. Anaitwa John Bunyan, Mwingereza, aliyekufa zaidi ya miaka 300 iliyopita. Wengi wenu mmesikia kitabu chake, Pilgrim's Progress, ile hadithi ya msafiri aitwaye Mkristo anayetoka mji wa maangamizi kwenda mji wa mbinguni akiwa na mzigo mgongoni. Kimetafsiriwa kwa Kiswahili, kwa Kikuyu na kwa lugha nyingine nyingi sana. Mwandishi mwenyewe ndiye hatumjui vizuri.

Bunyan alizaliwa mwaka wa 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu na mji wa Bedford. Baba yake alikuwa fundi wa vyombo, anazunguka vijijini akiziba masufuria na birika zilizotoboka, na John akarithi kazi hiyo hiyo. Kwa lugha yetu ni familia ya jua kali. Shule aliipata kidogo tu. Akiwa na miaka 15 mama yake alifariki, mwezi uliofuata dada yake akafariki, na kabla mwaka kuisha baba alikuwa ameoa tena. Muda si muda kijana akajikuta jeshini. Uingereza wakati huo ilikuwa inapigana yenyewe kwa yenyewe, mfalme upande huu na Bunge upande ule. Bunyan alikuwa upande wa Bunge, katika kambi ya Newport Pagnell. Siku moja alichaguliwa kwenda kuzingira mji, mwenzake akaomba aende badala yake. Yule mwenzake alipigwa risasi ya kichwa akiwa kwenye zamu ya ulinzi, akafa.

Ungedhani mtu akiponea hivyo ataokoka papo hapo. Wapi! Alirudi nyumbani na matusi yake, mpaka siku moja mwanamke ambaye naye hakuwa na sifa nzuri alimkemea kwa jinsi alivyokuwa akiapa. Hiyo ilimwingia kuliko risasi.

Alioa akiwa maskini kabisa, nyumba haina sahani wala kijiko. Mke alikuja na vitabu viwili vya mambo ya Mungu alivyoachiwa na baba yake, na hivyo ndivyo vilikuwa mali yao. Mtoto wao wa kwanza, Mary, alizaliwa kipofu. Bunyan akaanza kusoma vile vitabu, akaanza kwenda kanisani, akaacha kucheza ngoma, akaacha hata kupiga kengele za kanisa, jambo alilolipenda sana. Majirani wakamsifu. Yeye mwenyewe akajisifu pia. Kisha siku moja, akiwa kazini Bedford, akapita mahali wanawake watatu wanne maskini walikuwa wameketi mlangoni wakiota jua na kuongea habari za kuzaliwa mara ya pili. Alisogea ajitie kwenye maongezi, maana alikuwa msemaji, kumbe hakuelewa walichokuwa wakisema. Walikuwa na furaha ambayo dini yake haikuwa nayo. Hao akina mama ndio waliomfikisha kwa mchungaji wao, John Gifford, aliyewahi kuwa afisa wa jeshi la mfalme. Mungu ana ucheshi wake: mwanajeshi wa Bunge akalelewa kiroho na adui yake wa zamani.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu watu wengi hudhani ukishaokoka vita vinapungua.

Vita vikali vya Bunyan vilianza baada ya kumpata Kristo. Kwa karibu mwaka mzima wazo moja lilimfuata mchana na usiku: muuze Kristo. Mbadilishe na hiki, mbadilishe na kile. Akila, wazo lipo. Akiinama kuokota pini, lipo. Akipasua kuni, lipo. Alikuwa akilijibu kwa sauti, wakati mwingine akilisukuma kwa viwiko kama mtu anayezuia mlango. Hakukuwa na mganga, hakukuwa na hirizi iliyozikwa langoni, hakuna jirani aliyemroga. Ni wazo tu, na mtu aliyechoka. Asubuhi moja akiwa bado kitandani, amechoka kubishana, alihisi moyo umelegea na kuruhusu: basi na aende akitaka.

Baada ya hapo alikaa kama miaka miwili akiamini amekwisha. Alijiona ni Esau, aliyeuza haki ya mzaliwa wa kwanza na baadaye asipate nafasi ya kutubu, kama tunavyosoma Waebrania 12. Shetani alikuwa anampiga kwa Biblia, watu wa Mungu, kwa kifungu cha kweli kabisa! (Na niseme kama mchungaji: leo mtu akinijia katika hali kama ile nitaomba naye, na nitampeleka pia kwa daktari. Hayo mawili hayagombani.)

Alitokaje? Polepole. Tangu kabla wazo lile halijamvamia alikuwa amekutana na kitabu kikuukuu cha Luther juu ya Wagalatia, kimechakaa hata ukikigeuza kinaweza kukatika, akaona hali yake imeandikwa mle kana kwamba Luther alimjua. Kisha akapata ujasiri wa kuvirudia vile vifungu vya kutisha na kuvichunguza kimoja kimoja, na akaona havimsemi yeye kama alivyodhani. Na siku moja akitembea shambani ikamjia kwamba haki yake iko mbinguni, ni Kristo mwenyewe, wala haiongezeki siku moyo wake uko juu na haipungui siku moyo uko chini. Minyororo ikaanguka miguuni. Kwa hivyo upanga wa Roho ni ule uliousoma mpaka ukaelewa kifungu kinasema nini, na adui akikinukuu vibaya ukajua. Kesha ni nzuri, na mimi huja kesha. Lakini mtu anaweza kukemea usiku kucha na asubuhi asijue kwa nini Wagalatia iliandikwa.

Miaka mingi baadaye, 1682, Bunyan alitoa kitabu kingine, The Holy War, kuhusu mji uitwao Roho ya Mwanadamu unaozingirwa na Ibilisi. Ni kitabu cha mtu aliyewahi kukaa kambini. Anajua kuta, malango, zamu, na walinzi wanaosinzia. Mji una malango matano: Sikio, Jicho, Kinywa, Pua na Mguso. Na kuta zake zimejengwa hivi kwamba adui hawezi kuzibomoa wala kufungua lango lolote wenyeji wasiporidhia. Ibilisi anaanzia Lango la Sikio, anaongea vizuri, wanamfungulia wenyewe. Hata baada ya Emanueli kuukomboa, mji unaanza kupotea tena, na mwanzoni hakuna mzinga unaolia. Watu wanaalikwa karamuni na bwana mmoja mwenye kujiamini kupita kiasi, wanakula, wanazoea, na mfalme wao anaondoka kimya kimya bila wao kugundua. Nimeisoma sehemu hiyo mara kadhaa na kila mara naangalia simu yangu kwa jicho lingine.

Mke wake wa kwanza alifariki akimwachia watoto wanne. Mwaka wa 1659 alioa tena, binti aliyeitwa Elizabeth. Mwaka uliofuata mfalme Charles II alirudi kwenye kiti, na wahubiri wasiokuwa wa kanisa la serikali wakaanza kuwindwa. Tarehe 12 Novemba 1660 Bunyan alialikwa kuhubiri katika nyumba moja ya shambani huko Lower Samsell. Alipofika alikuta mwenyeji anatetemeka: hati ya kumkamata ilikuwa imeshatolewa. Wakamshauri waahirishe ibada. Alikuwa na muda wa kutoroka, kama saa nzima. Akatoka nje, akatembea uwanjani peke yake, akafikiri. Kama yeye aliyekuwa mbele akihubiri ujasiri angekimbia, wale wachanga katika imani wangefanyaje? Akarudi ndani, akafungua ibada kwa maombi, na askari wakaingia akiwa na Biblia mkononi.

Mimi nilisomea biashara, na huko tulifundishwa kwamba bei unaipanga kabla mteja hajaingia dukani. Ukingoja atamke yake ndipo uanze kufikiri, utauza kwa hasara. Bunyan bei yake alikuwa ameipanga miaka iliyotangulia, kitandani na shambani, akipigana na lile wazo la kuuza. Siku ile alikuwa anasoma tu kibandiko.

Januari 1661 alihukumiwa: miezi mitatu gerezani, na baada ya hapo asipoacha kuhubiri afukuzwe nchini, na akirudi bila ruhusa anyongwe. Hakufukuzwa. Alikaa gereza la Bedford miaka 12. Na hiki ndicho nataka mwelewe, wapendwa: mlango wa gereza ulikuwa na ufunguo upande wake. Siku yoyote angeahidi kutohubiri, angelala kwake. Hakuahidi, miaka 12, na kila asubuhi ilibidi aamue upya.

Nyumbani je? Elizabeth alikuwa mjamzito mume alipokamatwa. Mshtuko ulimtia uchungu kabla ya wakati, siku nane, na mtoto akafa. Bado alikuwa na watoto wanne wa kuwalea, mmoja kipofu, wote si wa kuzaa yeye, wakiishi kwa msaada wa watu. Agosti 1661, huyu dada kijana alikwenda kusimama mbele ya majaji huko Bedford kumtetea mumewe. Jaji mmoja, Matthew Hale, alimhurumia na kumweleza njia za kisheria zilizobaki. Mwingine alimfokea. Hakushinda kesi, lakini hakuomba mumewe anyamaze ndiyo aachiliwe. Sisi wanaume tukihubiri juu ya shujaa wa vita vya kiroho humsahau huyu, na kwangu mimi yeye ndiye aliyebeba upande mzito.

Bunyan gerezani alitengeneza kamba zenye ncha za chuma, za kufungia nguo na viatu, maelfu kwa maelfu, ili ziuzwe familia ile. Hiyo pia ni ngao ya imani, ukiwa na swali. Kilichomuumiza kuliko baridi na chawa ni Mary. Aliwaza jinsi mtoto kipofu atakavyoombaomba, atakavyopigwa na watu, naye baba hayupo. Hakujifanya haumii. Alijizoeza kuwakabidhi kwa Mungu, yule kipofu na wengine, mmoja mmoja. Akajizoeza pia kwa kifo. Hapo mwanzo aliogopa kwamba akipanda ngazi ya kitanzi magoti yatatetemeka na ataliaibisha jina la Bwana. Akaomba apewe faraja, faraja haikuja. Ndipo akaamua kwamba hata isipokuja, hata asipohisi chochote, atamfuata Kristo tu.

Najua mtu ataniuliza kama Bunyan alinena kwa lugha. Hakuwa Mpentekoste, Upentekoste wetu ulikuja zaidi ya miaka 200 baadaye. Lakini sijui wengi wetu tungeweza kusimama mwaka mmoja bila kuhisi chochote.

Katika Pilgrim's Progress Mkristo anapewa silaha akiwa mahali pa raha, katika jumba ambamo amekula na kulala salama. Akitoka hapo tu, anateremka bondeni na kukutana na Apolioni uso kwa uso. Anafikiria kukimbia, kisha anakumbuka kwamba hakuvishwa kitu chochote cha kukinga mgongo. Kwa hivyo anasimama. Bunyan hakubuni hilo mezani.

Aliachiliwa 1672, na kanisa lake lilikuwa limeshamchagua kuwa mchungaji akiwa bado mfungwa. Baadaye alifungwa tena kwa miezi kadhaa. Mwaka wa 1685 mfalme mwingine aliingia, James II, na mambo yakaonekana yataharibika. Bunyan sasa ni mwandishi maarufu, kitabu chake kilichotoka 1678 kinasomwa kila mahali. Akafanya nini? Aliomba, bila shaka. Na Desemba hiyo akaandika hati ya kisheria akimpa Elizabeth mali yake yote, ili wakija kumkamata na kutwaa vitu vyake wakute si vyake. Katika hati hiyo alijiita fundi wa vyombo. Ilikuja kupatikana imefichwa ndani ya nyumba yao ilipobomolewa katika karne ya 19. Akina baba wa kanisa hili, wosia wako uko wapi, na mama anajua?

Hawakuja kumkamata. Agosti 1688 kijana mmoja aliyekosana na baba yake alimwomba awapatanishe. Baba alikuwa Reading, safari ya mbali. Bunyan alipanda farasi akaenda, akaketi na yule mzee, akamsihi mpaka akalegeza moyo. Kutoka hapo akaelekea London, mvua ikamnyeshea njia nzima. Alifika nyumbani kwa rafiki yake, muuza duka, akiwa ameloa chapachapa. Alihubiri mara moja zaidi, kisha homa ikamshika, na tarehe 31 akalala katika Bwana, miaka 59. Alizikwa Bunhill Fields, na kule Reading yule baba alikuwa ameshamsamehe mwanawe.